Antena ya redio ya ridhaa kwenye Coaster ya kulala, paa ni faiba, naifungaje? (Mtwara)

Coaster_Shangani

Habari za jioni wakuu na dada zangu wote. Nina Coaster ya zamani ya dizeli nimeigeuza gari la kulala, viti vimetoka vyote, kuna kitanda, jiko la gesi, tenki la maji, sola mbili juu, na paa fundi alilikata akalinyanyua kwa faiba ili mtu asimame ndani bila kuinama. Naishi Mtwara mjini ila gari sio la kukaa mjini, nataka wikiendi niwe Msimbati, msimu wa korosho ukiisha nipande Newala na Tandahimba, nikipata likizo ndefu nifike Kilwa na ikiwezekana Liwale kule ndani kabisa.

Leseni ya redio ya ridhaa (ya kuongea hewani kwa kupenda tu, sio biashara) ninayo kutoka mamlaka ya mawasiliano TCRA, alama yangu ya 5H (jina la kituo changu hewani) ipo, na nyumbani nimetundika waya kati ya mnazi na mwembe, unafanya kazi vizuri tu bendi za mita 40 na mita 20 (hizo mita ni urefu wa wimbi, sio wa antena). Redio ni ya watt 100, halafu nina kingine kidogo cha VHF (masafa ya juu ya karibu karibu) cha bendi ya mita 2 kwa ajili ya kuongea na gari la rafiki yangu tukiwa tumeongozana.

Sasa ishu ni hii gari. Nimesoma sana vitu vya Wamarekani maana wao magari ya kulala wanayo mengi na wenye redio ni wengi, lakini kila mtu anasema lake, huyu anasema toboa paa, yule anasema usitoboe tumia sumaku, mwingine anafunga kwenye ngazi ya nyuma, mwingine anasema achana na vyote simamisha mlingoti ukifika unapolala. Sumaku kwangu haishiki chochote maana juu ni faiba. Ngazi ya nyuma ninayo, ya aluminiamu. Kuna keria ya chuma pia mbele ya sola, imefungwa kwenye faiba hiyo hiyo kwa bolti.

Naomba mwenye uzoefu anieleze kwa utaratibu, nifunge nini, wapi, na kwanini. Sitaki kununua antena ya bei mbaya halafu nikute tatizo halikuwa antena.

FundiKebo_Ligula

Kaka karibu sana, na hilo swali la mwisho ndo lenyewe. Nianze na faiba maana hapo ndo kila kitu kinaanzia.

Ile fimbo unayoiona juu ya gari ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni chuma kilichopo chini yake, bati la bodi, chasisi, yani mwili mzima wa gari. Umeme wa redio unaopanda kwenye fimbo lazima upate pa kurudia, na kama chini ni faiba tupu basi utarudi kwa kupitia ganda la nje la kebo yako mpaka ndani kwenye redio. Hapo ndo unakuta mtu akibonyeza maiki inamchoma midomo, taa za ndani zinacheza akiongea, chaji ya sola inajizima, na kwenye mapokezi anavuta kelele zote za gari. Anatupa antena ananunua nyingine, tatizo liko pale pale.

Mita 2 ni rahisi tumalizane nayo kwanza. Robo ya wimbi pale 145 MHz ni kama sentimita 50. Kwahiyo chini ya antena unataka chuma kinachotanuka angalau nusu mita kila upande. Chukua karatasi ya aluminiamu au hata bati la kawaida la mita 1 kwa mita 1, ligundishe upande wa ndani wa dari pale pale chini ya antena, toboa tundu moja katikati lipite faiba na bati, funga kitako cha NMO (kitako cha antena cha kupita kwenye tundu) ambacho kinabana bati lenyewe, zungushia silikoni ya nje ya gari. Kama dari umeshaifunga plaiwudi na hutaki kuifumua, tafuta antena ya nusu wimbi, ile haidai bati chini yake, unaweza kuifunga hata juu ya ngazi. Na kwa VHF usitumie kebo nyembamba ndefu, RG-58 ya mita 10 pale 145 MHz inakula karibu desibeli 2, yani zaidi ya theluthi ya nguvu yako inaishia kwenye kebo. Fupisha kebo au weka nene.

HF, yani hizo bendi za mita 40 na 20, ni habari nyingine. Mita 40 robo yake ni mita 10, huwezi kutembea nayo njia ya Mingoyo. Kwahiyo ya kutembelea ni fimbo fupi yenye koili, urefu kama mita 2 na nusu hivi. Hii ifunge nyuma, na hapo ndo nakuja kwenye ngazi yako. Ngazi imeshikwa na skrubu kwenye faiba, kwahiyo haina mguso wowote na chasisi. Chukua mita ya umeme upime mwenyewe kati ya ngazi na chasisi. Ukifunga antena hapo bila kitu kingine ni sawa na kuifunga kwenye mti. Dawa yake ni utepe wa shaba wa kusuka, mpana, bapa, mfupi kadri inavyowezekana, toka kwenye kitako cha antena mpaka chasisi, ukwangue rangi mpaka chuma king'ae kabla ya kubana bolti. Waya mwembamba wa mviringo hautoshi hata kama mita itakuonyesha ohm sifuri, maana mita inapima umeme wa betri na wewe unapeleka umeme wa masafa, ule unapita juu juu ya ngozi ya chuma na unataka upana.

Halafu endelea kuunganisha chuma kwa chuma, milango kwa bodi, bodi kwa chasisi, ekzosi kwa chasisi kwa sehemu zaidi ya moja, keria yako ya mbele nayo ishuke utepe. Kila chuma kikubwa unachokiunganisha kinakuongezea ile nusu ya pili. Kazi ya kuchafuka sana hii, utalala chini ya gari, lakini inalipa kuliko antena yoyote utakayoagiza.

Koili ikae juu ya usawa wa paa. Ikiwa imelala ubavuni mwa bodi, bodi inaimeza.

BiMitwero

Kaka wa Coaster salama? Niko Lindi huku. Nakubaliana na fundi kwa yote kuhusu chuma ila naomba nipingane naye kwenye mpangilio wa matumizi, maana wewe umesema unakwenda mahali unalala. Hauko safarini masaa yote. Kwa mtu anayelala, fedha na nguvu ziende kwenye mlingoti wa kusimamisha, ile fimbo ya kutembelea iwe nyongeza tu.

Angalia hesabu. Fimbo ya mita 2 na nusu kwenye mita 40 inarusha kwa upinzani wa ohm chache sana, hazifiki hata 4, wakati hasara ya ardhini na ya koili kwa pamoja ni ohm 10 kwenda juu hata kwenye gari lililofungwa vizuri. Nguvu inagawanyika kwa uwiano huo. Unaweka watt 100, zinazotoka hewani ni kama 15 au 20, zilizobaki zinapasha joto koili na mchanga. Waya wa daipoli (pande mbili sawa, kebo inaingia katikati) uliosimama vizuri unatoa karibu zote.

Mimi natumia mlingoti wa faiba wa kuvuta, wa mita 10, unajikunja unakuwa mfupi unaingia chini ya kitanda. Kuushika kuna njia mbili nzuri. Ya kwanza, bati nene la chuma lenye kipande cha bomba kilichochomelewa wima, unalaza chini unapanda nalo tairi la nyuma, gari lenyewe ndo linashika mlingoti, unachomeka tu. Ya pili ni vikamata viwili kwenye ngazi, kimoja chini kimoja juu, unafunga kwa mikanda ya mpira. Kwa gari lenye paa la faiba napenda ya kwanza maana upepo hausukumi ngazi yako na kung'oa skrubu.

Juu ya mlingoti unaning'iniza katikati ya waya, pande mbili zinashuka kama paa la nyumba, ncha unafunga kwa kamba kwenye mikorosho au kwenye vigingi. Urefu wa waya wote kwa mita, gawa 142.6 kwa masafa yako ya MHz. Kwa 7.1 inakuja mita 20 na kidogo, kila upande 10. Kata ndefu kidogo halafu uipunguze taratibu huku unapima. Ncha zisikae chini ya mita 2, watoto wanakimbia na ncha ndo yenye volti kubwa.

Antena ikiwa chini hivyo wimbi linapanda karibu wima linagonga anga linarudi linatapakaa mikoa yetu yote. Mchana mita 40 utaongea na Dar, Songea, Dodoma bila shida. Usiku mita 40 inarukia mbali, ya karibu inapotea, hilo ulijue usije ukadhani kitu kimekatika.

Na Msimbati usitumie huo waya wa pande mbili, pale una bahari. Simamisha waya wima wa mita 5 kwa ajili ya mita 20, chini yake tandaza waya mbili za mita 5 zilizonyanyuka kidogo kutoka mchangani, karibu na maji uwezavyo. Maji ya chumvi yanapitisha umeme kuliko udongo wowote, wimbi linatoka chini chini kuelekea kaskazini mashariki, upande wa India na kuendelea. Kwa antena ya wima hakuna sehemu nzuri zaidi ya ufukwe unaotazama bahari kuu. Ila angalia bamvua, maji yakijaa Msimbati yanakuja juu sana, usipaki gari la tani kadhaa kwenye mchanga wa chini kisa antena. Na lile eneo ni hifadhi ya bahari tangu 2000, fuata utaratibu wao wa kuingia na usipigilie msumari kwenye mti wowote.

Mnazi_Mkinda

Samahani wadau naomba kuuliza kwa nia njema kabisa, kwanini mtu ahangaike na haya yote wakati simu zipo mpaka Liwale? Sio kwamba napinga, nataka kuelewa tu.

BiMitwero

Swali zuri kaka. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipita huku kwetu, barabara ya Dar kwenda Lindi ikakatika maeneo ya Kilwa, magari yamekwama pande zote mbili. Kama wiki moja baadaye nyaya za intaneti za chini ya bahari nazo zikapata hitilafu, nchi nzima ikahangaika na mtandao. 2019 Kenneth nacho tulikisubiri Mtwara watu wakaondolewa mabondeni, kikaishia Msumbiji upande wa Cabo Delgado. Redio yenye betri na waya mtini haitegemei mnara wala kebo ya mtu. Wazee wetu misheni na hospitali za huku ndani walikuwa na simu za upepo kwa sababu hiyo hiyo. Na zaidi ya hapo ni kitu ninachokipenda, kuongea na mtu wa mbali kwa waya niliokata mwenyewe, siwezi kueleza zaidi ya hapo.

Mnazi_Mkinda

Nimekuelewa dada. Asante, nafuatilia.

Coaster_Shangani

Dada BiMitwero na Fundi asanteni sana aisee mmenifungua. Jana nimepima ngazi kama ulivyosema fundi, mita haisomi chochote kabisa kati ya ngazi na chasisi, na keria vile vile. Kwahiyo nimeshaelewa.

Ila kuna rafiki yangu ameniletea fimbo ya mita 40 aliyoitoa kwenye gari lake, tukaifunga kwenye ngazi kwa majaribio bila utepe wowote, SWR (kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena) ikasoma 1.2 safi kabisa. Sasa hapo nimechanganyikiwa, si ina maana inafanya kazi?

Mzee_wa_Mawimbi

Wanangu habari zenu. Nilifanya kazi ya mitambo ya mawasiliano kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, sasa nipo Newala. Naomba niingie kwenye hili la SWR kwa sababu linapoteza vijana wengi.

SWR inakwambia kitu kimoja tu, kama mzigo ulioko mwisho wa kebo unafanana na ohm 50. Haikwambii kama nguvu imeruka hewani. Kipinga cha ohm 50 kilichofungwa ndani ya kopo la mafuta kinasoma 1.0 kamili na hakirushi kitu.

Sasa fikiri. Fimbo fupi ya mita 40 upinzani wake wa kurusha ni mdogo sana kama dada alivyosema. Ukijumlisha koili nzuri na ardhi nzuri, chini ya antena utaona ohm 20 hadi 25 hivi, yaani SWR karibu 2 au zaidi kidogo. Hiyo ndiyo dalili ya gari lililofungwa vizuri, halafu unaisawazisha kwa koili ndogo ya pembeni kutoka kitakoni kwenda kwenye chasisi. Wewe umepata 1.2 bila kusawazisha kitu chochote. Ina maana ohm zilizobaki hadi kufika karibu na 50 ni hasara, na kwa kuwa ngazi yako haikugusa chasisi, basi kebo yenyewe imegeuka kuwa sehemu ya antena. Jaribu hivi, shika kebo kwa mkono au isogeze wakati unapima. Namba ikicheza, umepata jibu.

Ukishafunga ule utepe wa shaba SWR itapanda. Usiogope, usiufungue ule utepe ukidhani umeharibu. Imepanda kwa sababu hasara imepungua.

Kama una uwezo nunua kile kipimo kidogo cha NanoVNA, kinaonyesha upinzani wenyewe na sio uwiano tu.

Coaster_Shangani

Shikamoo mzee. Nimeshika kebo, namba imetoka 1.2 ikaenda 1.7 halafu ikarudi. Nimeamini.

Mzee_wa_Mawimbi

Marahaba mwanangu. Ndivyo ilivyo.

Sola_Masasi

Wakuu nyote mmeongelea kurusha, naomba niongelee kusikia na umeme maana hii kazi ya sola ndo inaniweka mjini.

Kwanza kabla hujaunganisha redio yoyote, Coaster nyingi za dizeli ni volti 24, betri mbili mfululizo. Redio yako inataka 13.8. Usithubutu kuchukua 12 kutoka betri moja kati ya zile mbili, moja itaisha mapema nyingine itachajiwa kupita kiasi, unaua zote. Tumia betri ya nyumba, ile inayochajiwa na sola, kama ni ya volti 12. Redio ya watt 100 ikirusha inavuta ampea 22 hivi. Kama waya ni mita 5 kwenda na 5 kurudi, wa milimita 6 za mraba unapoteza kama volti 0.6, wa 10 unapoteza karibu 0.4. Weka wa 10. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, isikae kwenye redio, maana kinacholindwa pale ni waya usiwake moto.

Pili kelele. Gari la kulala limejaa vitu vinavyopiga kelele kwenye HF, na watu wanalaumu antena. Fanya hivi, simama porini mbali na nyaya za TANESCO, washa redio kwa betri, sikiliza mita 40. Halafu zima kimoja kimoja, kontrola ya sola hasa hizi za MPPT (zinazobadilisha volti ya paneli), inveta, taa za LED, friji, chaja ya simu, konveta ya 24 kwenda 12. Utasikia wazi yupi mchawi. Kontrola ya sola ndo huwa ya kwanza mara nyingi. Kuna ambazo ukizifunikia paneli kelele zinakata hapo hapo.

Njia ya kutibu, sokota waya za paneli pamoja chanya na hasi toka juu mpaka kwenye kontrola, zisitembee zimeachana kwa sababu zikiachana zinakuwa kitanzi, na kitanzi ni antena. Funga vipete vya feraiti (pete nyeusi za kuzuia kelele) kwenye waya za kuingia na za kutoka, pitisha waya mara kadhaa kama tundu linaruhusu. Inveta ile ya bei rahisi izime tu ukiwa kwenye redio, sijaona dawa yake. Na antena ya HF isikae upande wa paneli, mwenzetu ana paneli juu mbele karibu na keria basi nyuma ni sahihi kabisa. Faida yako kubwa injini ni ya dizeli, haina plagi, kelele za moto wa plagi huna.

Kebo ya antena nayo, pale inapoingia ndani, izungushe mara 10 hivi kwenye pete kubwa ya feraiti. Inazuia ule umeme wa kurudi kwenye ganda ambao fundi aliuongelea mwanzo, na inazuia kelele za ndani zisipande kwenda kwenye antena kwa njia hiyo hiyo.

FundiKebo_Ligula

Sola umemaliza. Mimi niongeze la chumvi. Huku kwetu kitu cha chuma kinakaa Mikindani miezi michache kinageuka unga. Bolti za stenlesi tumia, ila ujue stenlesi ikibana aluminiamu penye chumvi ni aluminiamu inayoliwa, kwahiyo paka grisi katikati na ukague mara kwa mara. Utepe wa shaba uliowekwa wazi chini ya gari utakuwa wa kijani na kukatika, ukishabana funika maungio yote kwa grisi na rangi. Viungio vya kebo vizungushie ile tepu ya mpira inayojishika yenyewe halafu juu yake tepu ya kawaida. Maji yakiingia ndani ya kebo ya antena (koaksi) yanatembea humo humo kwenye utepe wa ndani, kebo yote ni ya kutupa.

Na dada BiMitwero nakubali hoja yake, kwa mtu wa kulala mlingoti ndo mpango. Ila utepe wa chasisi bado ufungwe maana ukiwa barabarani Mtama au Nangurukuru gari limeharibika hutasimamisha mlingoti, utatumia fimbo.

Coaster_Shangani

Sawa wakuu. Nimekaa na mke wangu tumepanga, naomba mnikosoe. Mita 2 naweka antena ya nusu wimbi juu ya ngazi maana dari sitaki kuifumua. HF ya njiani fimbo ya mita 20 na utepe mpana kwenda chasisi, mita 40 safarini naachana nayo. Nikilala ni bati la tairi na mlingoti wa mita 10, waya wa mita 40 wa kushuka pande mbili, na nikiwa baharini waya wa wima. Umeme toka betri ya nyumba.

Maswali yaliyobaki ni matatu. Fimbo nyuma kwenye ngazi ncha yake inafika kama mita 4 na kidogo, njia za Tandahimba miembe imeinamia barabara, itakuwaje? Pili upepo wa kusi na radi. Tatu nikiwa Newala ile VHF itafika wapi, maana Mtwara mjini na rafiki yangu tukiachana kidogo tu tunapotezana.

BiMitwero

Mpango mzuri sana na mwambie shemeji hongera kwa uvumilivu.

Matawi, weka springi chini ya fimbo na kamba nyembamba ya kuilaza kuelekea mbele ukiingia vijijini, au kitako chenye bawaba. Ila ukiilaza usirushe, koili ikikaribia bodi masafa yanahama na redio inateseka. Ikitumika mita 20 peke yake ni nyepesi kuliko ya mita 40 kwahiyo tawi halitakuvunjia kitu.

Kusi, mlingoti wa faiba unapinda sana ila hauvunjiki kirahisi, tatizo ni kujikunja wenyewe unashuka vipande vikiingiana. Zungushia tepu kila kiungio ukishavuta. Kamba tatu za kushikilia zifungwe kwenye kipande cha tatu au cha nne toka chini, ukizifunga juu zinavuta mlingoti chini badala ya kuushika. Waya wenyewe wa pande mbili unasaidia kushika pia.

Radi, hapo hakuna mjadala. Mvua zetu za huku zinaanza Novemba Desemba mpaka Aprili hivi, na mawingu yanaweza kujenga mchana mmoja. Ukisikia ngurumo ya mbali shusha mlingoti, chomoa kebo kwenye redio uitupe nje ya gari, usiiache inaning'inia karibu na kitanda. Usisubiri mpaka mvua ifike, na usishike mlingoti radi ikiwa karibu, kama umechelewa uache ulivyo. Na kabla ya kusimamisha popote angalia juu kwanza, nyaya za umeme zikae mbali zaidi ya urefu wa mlingoti mara mbili, maana mlingoti unaweza kuangukia upande wowote na waya wake.

Mzee_wa_Mawimbi

La VHF nijibu mimi kwa kuwa ni nyumbani. VHF inakwenda kwa kuonana. Chukua kipeuo cha pili (square root) cha urefu wa antena yako kutoka ardhini kwa mita, jumlisha na cha mwenzako, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita. Magari mawili yenye antena mita 3 na nusu kutoka ardhini, tambarare tupu, ni kilomita 15 hivi, na Mtwara mjini kuna nyumba na miti kwahiyo pungufu. Sasa simama ukingoni pale Shimo la Mungu, mwenzako yuko chini bondeni. Tuseme umemzidi mita 400 tu, hesabu inakuja kilomita 90. Upande wa bonde la Ruvuma utasikia mbali mno. Ila upande wa nyuma, kuelekea Tandahimba ndani ya uwanda, utakuwa kama mjini tu, kwahiyo egesha gari kwenye ukingo wenyewe.

Ukisikia watu wa Msumbiji zungumza nao kwa adabu, ila ukumbuke leseni yako ni ya upande huu. Ukitaka kuvuka na gari pale Daraja la Umoja urushe ukiwa kule, omba kibali cha kwao kwanza.

Ukipanda nijulishe, nina mlingoti wa bomba hapa nyumbani tunaweza kulinganisha waya wako na wangu, tupime kwa kubadilishana sekunde chache chache, ndiyo njia nzuri ya kujua ipi inarusha.

Coaster_Shangani

Asante mzee, nitakuja nikiwa nimejipanga. Utepe wa shaba nimeupata kwa fundi wa mashine za kuchomelea, kesho nalala chini ya gari.

BiMitwero

Ukimaliza jaribu kabla ya safari. Jumamosi saa 4 asubuhi nitakuwa 7.100 MHz, nikikuta kuna watu napanda kilohezi 5. Anza kwa watt 20, ukiniambia unanisikia ndo tuongeze.

Sola_Masasi

Na mimi nitakuwepo kusikiliza toka Masasi. Anza paneli zikiwa wazi, halafu zifunike turubai utuambie kelele imeshuka kiasi gani kwenye sindano.